Tuuze nyumba ya marehemu baba ili mdogo wetu apandikizwe figo?

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 36, nimeolewa na nina watoto wawili. Wa mwisho ana miaka mitatu. Kwa mama yetu tumezaliwa wanne: kaka mkubwa, mimi, mdogo wangu wa kiume ambaye ndiye mgonjwa, na kitinda mimba wetu wa kike aliyeko chuo. Baba alifariki mwaka 2016.

Mdogo wangu ana miaka 29. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Alianza kuvimba miguu, tukasema ni kusimama sana. Akavimba uso asubuhi, tukasema ni usingizi. Kichwa kilikuwa kikimuuma kila siku, akawa anatafuna diklofenaki za dukani kama karanga. Siku alipoanguka pale karakana, presha yake ilikuwa 220 kwa 130, na baada ya vipimo daktari akatuambia figo zote mbili zimekwisha kazi. Hiyo ni mwaka jana mwezi wa tano.

Sasa anasafisha damu mara mbili kwa wiki kwa mpira wa shingoni. Daktari ameandika mara tatu, lakini kila awamu ni 200,000 na hatuwezi. Bima yangu ya kazini imemchukua mume wangu, watoto na mama. Ndugu yangu haingii. Yeye mwenyewe hakuwahi kukata bima, nani anawaza bima akiwa na miaka 25 na mikono yenye nguvu. Mchumba wake naye ameshaondoka, simlaumu.

Mwezi uliopita daktari alituambia kwa umri wake afadhali apandikizwe. Tumepewa makadirio ya milioni 32, na vipimo vya mtoaji viko pembeni. Tuna milioni 9 tulizochangishana. Baba mdogo yuko Muskati, ameahidi milioni 5, ila anasema tusipoteze muda hapa, twende India ndiko kwenye uhakika.

Kaka ndiye ameleta mnunuzi wa nyumba ya baba. Iko Ngamiani. Vyumba vinne vina wapangaji, kila kimoja 50,000 kwa mwezi, na mbele kuna fremu mbili za 150,000, moja iko wazi tangu Ramadhani. Mama anakaa vyumba viwili vya uani. Mnunuzi anatoa milioni 48 taslimu lakini anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kaka anasema nyumba hujengwa, mtu hajengwi. Mama analia tu, anasema uzeni. Kitinda mimba alipouliza mama atakaa wapi, kaka akamwambia ana roho ya korosho, na tangu siku hiyo hawasalimiani.

Kuhusu figo yenyewe, mgonjwa ni kundi O. Mama ni O lakini ana sukari, wamemkataa. Kaka ni O lakini kumbe naye ana presha, wamemkataa. Mdogo wetu wa mwisho ni B. Mimi pia ni O, nilijua tangu kliniki ya uzazi, ila nina watoto wadogo na mambo mengine. Kuna kijana alitufuata kwenye benchi la hospitali, anasema atatoa figo kwa milioni 15 na karatasi za kuonyesha ni binamu yetu atatafuta mwenyewe. Kaka anamtaka. Shekhe mmoja ametuambia kutoa kiungo ni haramu, mwingine anasema si haramu.

Mama, kikao cha ukoo ni Jumapili ya wiki ijayo. Tuuze nyumba au tusiuze? Mume wangu hajui kama nimekuandikia.

Mwalimu, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na poleni nyote. Mpe pole mama yako kipekee, maana mtu aliyefiwa na mume akaambiwa auze na paa, analia vilio viwili.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu kuna mstari mmoja humo uliouandika mbiombio, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa mdai wake. Nitaufikia. Kwanza nyumba.

Msiuze. Siyo mwezi huu, wala kwa kazi hiyo.

Kabla sijastaafu nilikaa miaka 21 kwenye dirisha la ustawi wa jamii katika hospitali ya serikali. Familia za wagonjwa wa figo nilizijua kwa sura, kwa sababu hazikuja mara moja. Zilikuja wakati wa kusafisha damu, zikaja na furaha baada ya upasuaji, halafu baadhi zikarudi baada ya mwaka, mwaka na nusu, zikiwa kimya. Hizo ndizo zilizonifundisha. Zilikuwa zimeuza shamba au nyumba, zikalipa upasuaji wote, hazikudaiwa hata senti, na sasa hazina hela ya dawa.

Hakuna mtu aliyekaa nanyi kuwaeleza dawa hizo, au alieleza mkiwa mmechanganyikiwa hamkusikia. Mwili una walinzi wake, na hawajui kwamba figo hii imetoka kwa ndugu. Wanachoona ni mgeni aliyeingia bila hodi, na wanamshambulia. Ili wasimshambulie, mgonjwa anakunywa dawa za kuwatuliza kila siku, asubuhi na jioni, kwa saa zilezile, maadamu figo ile iko mwilini. Mara nyingi ni mchanganyiko wa takrolimusi, mikofenoleti na predinisoloni. Kuna na vipimo vya damu vya kuangalia kiwango cha dawa, mara kwa mara sana miezi ya mwanzo. Akiruka dozi kwa sababu mshahara wa mtu umechelewa, figo inaweza kukataliwa, na mtarudi kwenye mashine mkiwa hamna nyumba, na ndugu mmoja ana figo moja.

Sasa tufanye hesabu kama tulivyokuwa tukifanya pale dirishani, kwa kalamu na karatasi ya nyuma ya fomu. Mkiuza kwa 48 mkalipa 32, inabaki 16. Ongezeni 14 zenu, zile 9 na 5 za baba mdogo, mna 30. Toeni vipimo vya mtoaji, nauli, chumba cha kupanga karibu na hospitali miezi ya mwanzo, na kodi ya mahali mama atakapokaa. Bei ya dawa hubadilika kwa dozi na aina, kwa hiyo nachukua 500,000 kwa mwezi kwa mfano tu. Nyinyi nendeni kliniki waandike majina na dozi, kisha mzunguke famasia tatu kuuliza. Kwa mfano huo, zilizobaki zinanunua dawa za miaka mitatu, minne mkijibana sana. Figo iliyotoka kwa mtu aliye hai, ikitunzwa, mara nyingi hufanya kazi miaka 15 au hata 20. Miaka iliyobaki nani atanunua?

Angalia tena nyumba yenyewe. Vyumba vinne kwa 50,000 ni laki mbili. Fremu mbili kwa 150,000 ni laki tatu. Jumla 500,000 kwa mwezi, kila mwezi, bila kumpigia mtu magoti. Umeona? Nyumba ya baba yenu ni hela ya dawa. Mkiigeuza kuwa hela ya upasuaji mnampa mdogo wenu figo halafu mnamnyang'anya chakula cha figo hiyo. Najua kodi hiyo ndiyo inayomlisha mama, na kwamba laki moja na nusu kwa sasa imelala kwenye fremu tupu. Hilo mlizungumze wazi: nyinyi watatu wenye afya mkamlishe mama ili kodi ihamie kwenye dawa. Ni mzigo, lakini unabebeka.

Kaka yako usimfanye adui. Amesema nyumba hujengwa na mtu hajengwi, na moyo uliotoa maneno hayo ni mzuri. Ila muulize swali moja la kisheria: msimamizi wa mirathi ni nani? Kama tangu 2016 hamjaenda Mahakama ya Mwanzo kumteua, hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, na kama ameteuliwa, bado ile ni mali ya warithi wote. Mama ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, mabinti mna mafungu yenu, mgonjwa mwenyewe ana fungu lake. Kilio cha mama si saini. Na mnunuzi mwenye fedha taslimu anayewapa tarehe ya mwisho huku akijua mna mgonjwa, huyo anajua anachofanya. Nimewaona wengi, hujua wodi kuliko wauguzi.

Jambo la mwisho kuhusu kuuza, na hili lilipaswa kuwa la kwanza: hamna mtoaji. Upasuaji hauna tarehe. Kuuza nyumba leo ni kuchinja ng'ombe wa harusi kabla hujapata mchumba.

Najua utaniuliza, basi milioni 18 zinazopungua zitoke wapi? Mwanangu, wewe ni mtu wa Tanga, umeshakaa kwenye kamati za harusi ngapi? Sisi Watanzania tunaweza kukusanya milioni 20 kwa ajili ya ukumbi, keki na mshereheshaji ndani ya miezi mitatu. Tunateua mwenyekiti, mweka hazina, tunachapa kadi, tunaandika ahadi, na kila Jumapili mtu anasimama kusoma nani amelipa na nani anasuasua. Mgonjwa akiwa mmoja wetu tunatuma ujumbe mmoja wenye picha yake akiwa na mirija puani na namba ya simu ya mtu mmoja, halafu tunashangaa watu kuchangia elfu tano tano. Watu hawakosi huruma. Wanachokosa ni mahali pa kuuliza hela imekwenda wapi.

Fanyeni kamati kamili. Mwenyekiti asiwe ndugu wa damu, awe mtu anayeheshimika mtaani au msikitini, maana ndugu hawezi kumdai mjomba wake. Akaunti ya benki ya watoa saini watatu, mmoja awe kitinda mimba wenu. Itamrudisha kwenye kundi, na vijana wa chuo wanaijua kazi ya mahesabu kuliko sisi. Kila wiki wekeni kwenye kundi la WhatsApp risiti za hospitali zenyewe, siyo maneno. Wafundi wenzake wa kuchomelea, wafikieni, hao wanamjua. Shuleni kwako, kwenye SACCOS ya walimu, uliza mkopo unaoweza kulipika, siyo mkopo wa mitaani wa asilimia thelathini unaokaa kwenye kadi yako ya benki na kuondoka na mshahara. Picha ya mirija puani itoeni. Wekeni ile aliyopiga akiwa na miwani ya kuchomelea.

Pia nendeni kwenye dirisha lililokuwa langu. Kila hospitali ya rufaa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni kupima uwezo wa mgonjwa na kuamua kama anastahili msamaha wa gharama au kulipa kidogo kidogo. Mtahitaji barua ya serikali ya mtaa. Chukueni na risiti zote za awamu alizosafisha damu. Risiti ni ushahidi kwamba hamkuanza kwa kuomba. Hakuna anayeweza kuwaahidi kwamba milioni 32 zitafutwa, hiyo haitokei. Lakini nimeona vipimo vikisamehewa, nimeona siku za wodi zikipunguzwa. Ulizeni hukohuko kuhusu bima: Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Bungeni Novemba 2023, na utekelezaji wake unakwenda kwa hatua, kwa hiyo jibu mlilopewa mwaka jana huenda si jibu la leo. Ulizeni hasa kama kifurushi kinagusa dawa za baada ya kupandikizwa. Wengi huuliza upasuaji tu.

Kuhusu India, baba mdogo mumwambie kwa heshima zote kwamba habari zake ni za zamani. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, wakisaidiana na madaktari kutoka India kwenyewe. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, ikishirikiana na Wajapani. Kwenda nje gharama ni mara kadhaa ya hapa, na sheria ya India ya mwaka 1994 inataka undugu wa mtoaji uthibitishwe kwa nyaraka. Kwa mgeni, ubalozi nao unaingia. Halafu, baada ya yote, kliniki ya maisha mtaifanya hapahapa. Aliyemfanyia upasuaji akiwa bara jingine, siku homa inapanda saa nane usiku mtampigia nani?

Yule kijana wa kwenye benchi mwacheni. Sitalizungumza sana. Mwaka 2025 waandishi wa Ujerumani walifichua biashara ya figo iliyokuwa ikipitia Eldoret nchini Kenya: vijana wenye shida wakilipwa kiasi kidogo, wagonjwa wa nje wakitozwa fedha nyingi kupindukia, na serikali ya Kenya ikasimamisha upandikizaji katika hospitali iliyohusika. Azimio la Istanbul la mwaka 2008, ambalo madaktari wa kazi hii duniani wanalifuata, linakataza kununua na kuuza viungo. Hospitali itawahoji, itawahoji mmoja mmoja, na binamu wa karatasi hajui jina la utani la marehemu baba yenu. Mtakuwa mmeshampa arabuni. Na hata ingepita, mtakuwa mmenunua figo ya mtu ambaye hatakwambia kweli kama ana homa ya ini.

Mashekhe wenu wawili wasigombane. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilikaa Jeddah Februari 1988 likaamua kwamba mtu aliye hai anaweza kutoa kiungo kumwokoa mwingine kama kutoa huko hakumwangamizi yeye, na likakataza kukiuza. Mpelekeeni shekhe wenu uamuzi huo, ausome mwenyewe.

Sasa ule mstari wako.

"Mimi pia ni O, ila nina watoto wadogo na mambo mengine."

Mwenye kundi O hupokea kutoka kwa O tu. Mama ametoka, kaka ametoka, kitinda mimba ni B. Umebaki wewe. Unalijua hilo, na nadhani mume wako analijua, na nadhani ndiyo sababu hajui kwamba umeniandikia. Umeniuliza nyumba kwa sababu nyumba inaulizika. Sikulaumu hata chembe. Nimewahi kukaa na mwanamume wa miaka hamsini, askari mstaafu, akalia kwa sababu hiyohiyo: anampenda ndugu yake na anaogopa kisu, vyote kwa pamoja.

Sikiliza, una haki ya kukataa. Figo yako si mali ya mirathi, haigawanywi kwenye kikao cha Jumapili. Kama ungependa kujua zaidi kabla ya kuamua, nenda kliniki ya figo mwenyewe, omba waonane nawe peke yako. Timu zinazojua kazi yao humhoji mtoaji bila ndugu chumbani, na mtoaji akisema sitaki, familia huambiwa tu kwamba hafai kutoa. Hawasemi sababu. Kupima si kukubali, unaweza kughairi hata siku ya kulazwa.

Na ukitaka kujua uzito wenyewe, ni huu. Katika upasuaji wa kutoa figo, hufa takriban watu 3 kwa kila 10,000. Ni kidogo, si sifuri. Utalazwa siku chache, utahitaji wiki nne mpaka sita kabla ya kurudi darasani, na kwa muda hutambeba huyo wa miaka mitatu wala ndoo ya maji. Figo inayobaki hupanuka na kuchukua sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Utapima presha, mkojo na damu kila mwaka maisha yako yote, na kwa kuwa kwenu mama ana sukari, na kaka na huyu mgonjwa wana presha, madaktari watakuchunguza wewe kwa ukali zaidi, na watakuwa na haki. Kama unataka mtoto mwingine, waambie mapema: wanawake wengi wamezaa salama baada ya kutoa figo, lakini hatari ya presha ya ujauzito inaongezeka kidogo. Kulingana kwa vinasaba baina ya ndugu wa baba na mama mmoja ni bahati: nafasi moja kati ya nne mfanane kabisa, mbili kati ya nne mfanane nusu, moja msifanane. Hata nusu inafaa, dawa ndiyo hufidia.

Kuna kisa napenda kuwasimulia watu waliokaa kiti chako. Upandikizaji wa figo wa kwanza kufanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954, kati ya pacha wawili, Ronald na Richard Herrick. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard, yule mgonjwa, alimwandikia Ronald kikaratasi cha kumwambia aondoke, arudi nyumbani. Yaani mgonjwa mwenyewe ndiye aliyempa ndugu yake ruhusa ya kukataa. Ronald akajibu kwamba yupo na anabaki. Richard aliishi miaka 8 zaidi, akaoa muuguzi aliyemhudumia. Ronald aliishi na figo moja miaka 56, akafariki 2010 akiwa na miaka 79. Wao hawakuhitaji dawa kwa sababu walikuwa pacha wa kufanana, nyinyi mtazihitaji. Mimi hukumbuka zaidi kile kikaratasi. Mdogo wako amekuandikia chochote? Mmewahi kukaa wawili, bila kaka, bila mama, akakwambia anachotaka? Katika barua yako yote sijamsikia akisema neno.

Zungumza na mume wako kabla ya Jumapili, siyo baada. Usimwendee na uamuzi, mwendee na hofu yako. Yaelekea ana ya kwake ameificha. Mkaenda kliniki pamoja, aulize yeye maswali ya wanaume: nani atapika, utazaa tena, utafanya kazi. Nauli yenu, na gharama za siku utakazokuwa umelala, ziingie kwenye bajeti ya kamati. Hilo ni kufidiwa, siyo kuuza.

Ukikataa, ukoo haujaisha. Mama ana dada zake? Kaka yako ana watoto wakubwa? Na baba mdogo wa Muskati, mwenye maoni mengi kuhusu India, kundi lake la damu ni lipi? Umri wa miaka hamsini na kitu peke yake haumzuii mtu mwenye afya.

Wakati mkisubiri, milioni 9 zisikae benki mkizitazama. Awamu mbili kwa wiki ni 20,800,000 kwa mwaka, tatu ni 31,200,000, karibu sawa na makadirio ya upasuaji, na ndiyo maana daktari wako anasema kupandikiza ni afadhali. Lakini mgonjwa asiyesafishwa vya kutosha atafika kwenye meza ya upasuaji akiwa na moyo umechoka, kama atafika. Rudisheni awamu ya tatu, hata kwa miezi michache. Muulizeni daktari kuhusu kutengenezewa fistula mkononi, yaani kuunganishwa mishipa miwili ya damu ili asafishiwe hapo; mpira wa shingoni ni mlango wa wadudu. Damu ya kuongezewa aipate pale tu isipokuwa na budi, kwa sababu kila chupa inaweza kuufundisha mwili wake kukataa figo ya baadaye. Muulizeni daktari kuhusu sindano za kuuchochea mwili utengeneze damu yake wenyewe. Chanjo ya homa ya ini B aimalize. Diklofenaki mwiko, na ile mizizi ambayo shangazi lazima ameshaileta kwenye chupa ya maji, imwagwe akiwa hayupo.

Jumapili usisimame kusema nyumba isiuzwe, utaonekana unatetea fungu lako. Nenda na karatasi yenye bei za dawa kutoka famasia tatu, mpe kaka aisome kwa sauti, yeye mwenyewe. Kisha pendekeza mwenyekiti wa kamati. Na yule mnunuzi akipiga simu tena, kaka amwambie kuna fremu moja iko wazi, 150,000 kwa mwezi, kodi ya mwaka mzima mkononi.